Pazia Katika Gari la Akina Mama

Bungoma, Jumatatu, 12 Machi 1956

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikiandika jana kabla mafuta ya taa hayajaniishia, sioni haya kusema kwamba napenda hata sauti ya viatu vya mume wangu. Lenah, niliyesoma naye, aliniambia ndoa hupoa upesi kama uji. Huu ni mwezi wa pili na uji wangu bado unaunguza ulimi! Bramwel akiingia ananukia petroli na sabuni, nami nasahau nilichokuwa nikipika. Juzi nilitia kunde chumvi mara mbili. Akala zote. Akasema, "Mama Chumvi, niongezee maji tu," wala hakucheka mpaka mimi nilipoanza.

Leo kuna habari kubwa! Bramwel wangu amepewa kuendesha gari la Mpango wa Akina Mama. Mpango huu ni wa jimbo zima, maana wanawake wanakufa sana wakijifungua huku kwetu, na wanaokufa wengi wako mbali na daktari. Basi kila mahali mkunga mmoja anachaguliwa, anafundishwa na Sista Chepkorir, kisha anapewa kitambaa chekundu. Mjamzito akiingia hatarini, mkunga anakifunga kwenye nguzo iliyo kando ya barabara. Gari likifika linasimama, linambeba mama pamoja na mkunga wake mpaka hospitali ya Kitale, kwenye daktari wa kupasua. Mkunga lazima aende pia, aeleze alichokiona. Gari linapanda Kitale Jumanne na Ijumaa asubuhi, jioni linateremka.

Na mkunga aliyechaguliwa Kamukuywa ni nani? Mama yangu mzazi! Bwana wa ofisi alimwambia Bramwel mbele yetu sote, "Hiyo njia inapita kwa wakwe zako, utaiendesha kwa moyo." Tukapiga makofi. Bramwel alikuna kichwa tu, akasema, "Itakuwa sawa."

Nimefurahi hasa kwa ajili ya Edah, mke wa kaka yangu Nyongesa. Ana mimba tena. Mwaka juzi alipoteza mtoto na nusura aende naye. Safari hii mume wangu mwenyewe atapita mlangoni pake mara mbili kwa wiki. Nani anaweza kulala na hofu akiwa na bahati kama hiyo?

Ijumaa, 16 Machi

Vumbi. Nimefua mashati yake mawili na kuyabusu kabla ya kuyaanika. Jirani ameniona.

Ijumaa, 23 Machi

Nimemuuliza, "Leo umemwona Mama?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama ameoga uchi sokoni. "Sellah! Mtu humwona mama mkwe wake?"

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Ni kweli, kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawasemezani, hawaketi nyumba moja, na wakikaribiana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenziwe apite. Siku ya arusi yetu Mama aliniombea dua akiwa jikoni kwa sababu Bramwel alikuwa sebuleni. Mimi niliyesoma sekondari miaka miwili naona ni desturi nzuri, kama mchezo wa kujificha wa watu wazima.

"Na akifunga kitambaa?" nilimuuliza.

"Akifunga, nitasimama," alisema. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Pasaka, 1 Aprili

Mvua imeanza tukiwa kanisani. Mabati yalilia hata mhubiri akanyamaza. Bramwel alinishika mkono chini ya kitabu cha nyimbo. Nilidhani nitazimia kwa furaha.

Jumatano, 4 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua. Amerudi na matope mpaka magotini. Daraja la Kamukuywa maji yamelikaribia. Moyo wangu ulikuwa kwenye kila gari lililopita.

Jumanne, 10 Aprili

Amerudi amechelewa, na chakula hakukigusa. Jioni, akiteremka kutoka Kitale, alikuta kitambaa chekundu kwenye nguzo ya Kamukuywa. Akasimama. Nyongesa akaja barabarani peke yake, akamwambia, "Shemeji, endelea tu. Yameisha." Aliyefungiwa kitambaa alikuwa Naliaka, jirani yetu pale nyumbani, msichana mdogo kuliko mimi. Mtoto alikaa vibaya tangu usiku. Naliaka yuko hai, mtoto hakulia hata mara moja.

"Asubuhi hakukuwa na kitambaa?" nilimuuliza.

"Kwenye nguzo hakukuwa na kitu."

Kwa nini Mama alingoja mpaka jioni? Sista Chepkorir aliwafundisha wazi: shida ya usiku, kitambaa asubuhi. Niliandika maneno hayo mwenyewe ubaoni siku ya mafunzo, nilipokwenda kumsaidia, na Mama aliyarudia kuliko wote. Nilimwonea fahari sana siku ile. Leo sijui nimwonee nini.

Alhamisi, 12 Aprili

Sista Chepkorir amekuja kuniuliza kama Mama ni mgonjwa. Nimesema hapana. Akasema, "Basi anaogopa kitu. Mkunga kama yule hasahau." Edah anatarajia mwezi wa tano mwishoni. Nimehesabu kwa vidole kisha nikaficha mkono.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimepanda na Bramwel asubuhi. Siku nyingine ningeandika kurasa tatu juu ya ukungu wa Mlima Elgon na jinsi alivyonifunika magoti kwa koti lake. Nilishuka penye nguzo, yeye akaendelea Kitale.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, za kuku, za kanisa. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini siku ya Naliaka hukufunga kitambaa asubuhi?"

"Nani amekuambia sikwenda?"

"Ulikwenda?"

"Jua halijatoka nilikuwa pale, nakifunga. Kamba ilikuwa imelowa, vidole vimekufa ganzi." Akatupa harage bovu. "Halafu nikasikia gari la mkwe wangu linakata kona."

"Halafu?"

"Halafu nini? Wewe ni mtoto wa watu gani? Niligeuka. Nikampa mgongo."

"Na kitambaa?"

Akaninyooshea mikono yote miwili, akaikunja kifuani. Hivyo ndivyo alivyokishika. Gari likapita. Alipokwisha kukifunga, kelele za injini zilikuwa ng'ambo ya daraja.

Nilitoka nje nikamkuta Edah ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, tumbo kubwa, miguu imevimba. Alikuwa amesikia yote.

"Wifi," alisema, "mama yako ananipenda, najua. Na bwana wako ni mtu wa heshima, kila mtu anasema." Akatabasamu vibaya. "Heshima yao ndiyo itakayonizika."

Nilimwambia asiseme hivyo. "Niseme vipi?" alijibu. "Naliaka si hutoka hapo ng'ambo ya ua? Maziwa yanamtoka bado. Anakuja hapa nimkamulie, ati mimi ndiye mwenye mikono laini."

Jioni Bramwel alipopiga honi nilipanda bila kumtazama.

Jumamosi, 21 Aprili

Nimemuuliza. Sikutaka kumuuliza, lakini nimemuuliza.

"Asubuhi ile uliona mtu penye nguzo?"

Mvua ilikuwa inapiga. Akasema, "Niliona mgongo."

"Ulijua ni wa nani?"

"Nilijua shuka ya mabegani. Nikatazama mahindi ya upande ule mwingine. Nikakanyaga mafuta nipite upesi, nisimweke mama yako kwenye haya."

"Bramwel, alikuwa na kitambaa mkononi!"

"Mgongo hauna mikono, Sellah."

Alisema hivyo, halafu akafunika uso. Sijawahi kumwona mwanamume akilia bila sauti. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga, na sikufanya hata moja. Wote wawili walifanya kama walivyofundishwa vizuri na wazazi wao. Hakuna aliyekosa adabu. Na mtoto wa Naliaka amezikwa nyuma ya nyumba.

Nimelala nikitazama ukuta.

Jumatatu, 23 Aprili

Nimekwenda ofisini kuomba dereva mwingine. Hakuna. Yule wa pili ana homa ya manjano na yuko kwao.

Alhamisi, 26 Aprili

Nyongesa alikuja sokoni Bungoma, akapita kwetu. Nikamuuliza kama desturi haiwezi kulegezwa. Inaweza, alisema: mkwe analeta blanketi na mbuzi mbele ya wazee, mama mkwe anafunikwa lile blanketi, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana. "Lakini ni baada ya mavuno, dada. Wazee watakunywa nini sasa hivi? Wimbi la pombe bado ni majani."

"Na Edah atangoja wimbi?"

Kaka yangu ni mtu wa mizaha. Leo hakuwa na hata mmoja.

Jumapili, 29 Aprili

Nimepata! Nimepata nikiwa katikati ya sala, Mungu anisamehe. Pazia! Kati ya kiti cha dereva na nyuma ya gari. Mama akipanda kwa mlango wa nyuma na Bramwel akiwa mbele, nani atamwona nani?

Nilikimbia nyumbani, nikatoa shuka langu la arusi, lile nililolidarizi mwenyewe, B na S ndani ya ua la waridi. Lingetosha kabisa. Bramwel alipoona ninalipima kwa mkono akaruka kama aliyekanyaga siafu.

"Shuka la kitanda chetu? Mbele ya mama mkwe? Umerogwa?"

Tukaangaliana. Tukacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilicheka mpaka nikalia, naye akanishika.

Jumatatu, 30 Aprili

Dukani kwa Lajwanti, mke wa Harbhajan fundi wa magari. Nilipomweleza pazia ni la nini alishika kiuno.

"Kwetu mke ndiye nafunika uso kwa baba mkwe," alisema. "Kwenu gari nafunika uso. Hii mzuri sana." Akanikatia marduf, kitambaa kizito cha buluu, na mumewe akanipa waya wa kupitishia bila kuniuliza.

Jumanne, 8 Mei

Nimepanda na pazia hadi Kamukuywa. Bramwel alishuka akaenda kusimama mbali, uso kwenye mahindi. Mama akatoka nyuma ya nyumba, akaingia garini, akalishika pazia kwa vidole, akalinyanyua kwenye mwanga.

"Linapitisha."

"Mama, kidogo tu!"

"Kidogo ni nini? Lishone mara mbili."

Lakini alikuwa ameingia garini. Aliketi hata kidogo, akajaribu kiti. Nilimwona akitazama lile pazia kama mtu anayepima kina cha mto.

Jambo moja sikulitegemea. Tulipokuwa tukirudi niliona Bramwel amekigeuza kioo cha pembeni kitazame mawingu. "Utaonaje magari ya nyuma?" nilimuuliza. Akasema, "Nitasikiliza."

Ijumaa, 11 Mei

Nimeshona mara mbili. Mvua.

Jumanne, 15 Mei

Mvua. Vitambaa viwili Kimilili, akina mama wote wawili wamefika Kitale salama. Kamukuywa, nguzo tupu. Sijui nifurahi au nini.

Ijumaa, 18 Mei

Mvua. Nguzo tupu. Kila Jumanne na Ijumaa najiambia tumbo la Edah lichague siku ya gari. Kama tumbo husikiliza! Na likichagua Jumamosi?

Jumatatu, 21 Mei. Kamukuywa

Nimekuja kukaa na Edah. Bramwel ameniruhusu kabla sijamaliza kuomba. Nimebeba mto wake ili nisikie harufu yake. Mama amenitazama nikiufungua, akatikisa kichwa.

Jumatano, 23 Mei

Edah analala nimemshika mkono. Naliaka amekuja kutusaidia kuteka maji. Haulizi lolote.

Jumatatu, 28 Mei. Kitale

Sasa naweza kuandika.

Ijumaa asubuhi Edah aliamka na damu. Hakukuwa na uchungu, damu tu, nyekundu mbichi. Mama aliitazama mara moja, akavaa shuka yake ya mabegani. "Hii si ya kungoja," alisema. Akatoka na kitambaa mbio, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Alikifunga kwenye nguzo, akarudi akiwa amelowa chepechepe.

Nyongesa na jirani walimbeba Edah na kitanda chake mpaka barabarani. Bramwel alifika. Alisimama, akashuka, akaenda kwenye mahindi akatupa mgongo, kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani, mpaka Mama na Edah na Nyongesa walipokwisha kuingia nyuma. Nikaketi mbele. Pazia likavutwa. Tukaondoka vizuri. Nilijisifu moyoni! Niliwaza, tazama, akili na sindano tu.

Baada ya Kiminini kuna mteremko wenye udongo mwekundu. Lori la magogo lilikuwa limekwama katikati, limelala upande. Hapakuwa na njia ila kurudi nyuma kidogo na kupita ukingoni, na kulia kulikuwa na mtaro mkubwa uliojaa maji. Bramwel alitia gia ya nyuma. Magurudumu yakazunguka bure. Nyongesa akashuka kusukuma, akateleza, akaumia goti; hakuweza hata kusimama.

Nyuma ya pazia Edah aliacha kulalamika. Ukimya ule sitausahau.

"Sellah," Mama alisema. "Mwambie yule bwana arudi kwa upande wangu."

"Bramwel, Mama anasema rudi kwa upande wake."

"Upande wake upi? Sioni!"

"Mama, anauliza upande upi."

"Wa mtaro, lakini asiufikie! Mwambie."

"Anasema wa mtaro lakini..."

"Nimesikia! Umbali gani?"

Gari likazama zaidi upande wa nyuma. Nilianza kulia. Ndipo nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Mama ameshuka. Nilimwona kwa dirisha langu akipita kwenye matope yanayofika magotini, akaenda kusimama barabarani nyuma yetu, akageuka. Hakutupa mgongo. Alitugeukia.

"Sellah," alipaza sauti, "mwambie akishushe kile kioo cha pembeni."

Bramwel alikuwa amesikia. Mkono wake ulikwenda dirishani, ukasimama hewani. Aliniangalia kama mtoto anayeambiwa aguse moto.

"Shusha," nilisema.

Akashusha. Mawingu yakatoka kwenye kile kioo, akaingia Mama yangu, mzima, mvua ikimtiririka usoni, shuka imemshuka begani, mikono yote miwili juu. Alianza kuonyesha: huku, huku, simama. Huku tena. Bramwel alimtazama. Jasho lilimtoka lakini hakuondoa macho. Gari likasogea, likashika mawe, likapanda. Mama akaingia tena akitweta, na pazia halikufungwa sawasawa, na hakuna aliyelifunga.

"Bramwel!" Hakusema mwambie. "Mwanangu, kanyaga! Damu haijakata!"

"Ndiyo, Mama."

Ndivyo alivyomjibu.

Kitale walimpasua Edah mara moja. Sista wa zamu alimuuliza Mama maswali mengi, na Mama alijibu yote, damu ilianza lini, ya rangi gani, mtoto alicheza mara ya mwisho lini. Daktari alisema wangechelewa kidogo zaidi wangewapoteza wote wawili. Mtoto ni wa kike. Amezaliwa katika mvua, kwa hiyo ni Nafula, hakuna aliyebishana.

Lakini Edah ana homa. Amelala na midomo imepasuka na hanijui.

Jumanne, 29 Mei

Homa. Mama haketi, hali. Bramwel amepanda tena asubuhi, amelala garini nje ya lango akingoja jioni ateremke. Hawajakaribiana tena. Mama ameniambia, "Nimeonekana, na nimelitaja jina lake." Alisema polepole, kama mtu anayejichunguza jeraha.

"Unajuta?"

"Usiniulize la kujuta mtoto akiwa anapumua."

Alhamisi, 31 Mei

EDAH AMEKUNYWA UJI. Ameniuliza kwa nini nywele zangu ziko hivyo.

Jumamosi, 2 Juni. Bungoma

Jana Mama alikataa kurudi na gari letu. Aliondoka Kitale kwa lori la magunia, ameketi juu kabisa. Bramwel alitazama mpaka lilipopotea, halafu akanunua ndizi asizozitaka.

Nampenda. Si kama nilivyompenda Machi. Nikimtazama sasa namwona pia penye ile kona, macho kwenye mahindi, na namwona mkono wake ukishusha kile kioo. Ni mtu yuleyule. Inanitisha kidogo, kumpenda mtu mzima namna hii.

Jumatano, 6 Juni

Nyongesa amepita, anachechemea. Edah na Nafula wako nyumbani. Wazee wamekaa, wakasema blanketi haliwezi kungoja wimbi, maana mambo yamekwisha kutokea na lazima yafunikwe. Watakunywa chai mwaka huu, na watalalamika.

Nilimuuliza Bramwel kama nilitoe pazia. "Liache," alisema. "Mama yako ana dada wangapi kwenye njia hii? Wote ni mama wakwe zangu." Kisha akasema, bila mzaha, kwamba siku tutakayokwenda tutapitia kwanza kwa Naliaka. Sijui atamwambia nini. Na yeye hajui. Hajalala vizuri.

Basi Nyongesa amebeba maneno yangu, nami nayaandika hapa nisiyasahau: Mama, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na yeye, na mbuzi, na blanketi la kahawia lenye mistari, la Lajwanti, zito kuliko yote dukani. Bramwel anauliza asimame wapi tukifika. Nimemwambia asimame palepale penye nguzo, na safari hii asitazame mahindi.